Jicho la Verona

Tarisha alipotoka shule alikimbilia barazani, ambako mama zetu wa Kiwarlpiri, wenyeji wa jangwa la Australia, huketi chini wakichora na kugombana na mbwa. Mbwa wa hapa, siku wakipiga chafya pamoja, vumbi lote huhamia mtaa wa pili.

Tarisha alikuwa akichora hadithi ya Mvua, Jukurrpa, yaani simulizi takatifu ya mababu, ya ukoo wa baba yake. Turubai aliyochoria ilikuwa iende kwenye maonyesho Alice Springs. Lakini kwetu mwenye hadithi hachori peke yake. Mtoto wa shangazi huketi kando akiilinda; huyo ndiye kurdungurlu. Kwa Tarisha, mlinzi alikuwa binamu yake mkubwa, Verona, naye hakuchoka kusema, "Hapo siyo."

"Mdomo kama kasuku!" Tarisha alinung'unika.

Verona alipokwenda msibani, Tarisha akaimaliza kazi peke yake. Msimamizi wa kazi zetu za uchoraji akamuuliza, "Verona ameiona?"

"Ameiona. Kaipenda sana," akajibu bila kupepesa.

Verona alirudi turubai ikipakiwa garini. Akaitazama, uso ukamwiva.

"Nani kasema mimi nimeiona hii?"

Msimamizi akamtazama Tarisha.

"Wewe! Mvua yetu inaishia kwenye kisima cha mwambani. Umeivusha mpaka nchi ya jirani zetu akina Nakamarra! Wakiuliza nani kawaibia, watajibiwa Verona aliona, akanyamaza!"

"Ni nukta chache tu, dada..."

"Nukta? Umeniazima jicho bila kuniomba, ukanirudishia makengeza!"

Kina mama wakaacha brashi. Shangazi Nangala, mama yake Verona, alimkazia Tarisha macho. Tarisha akamgeukia msimamizi.

"Nilidanganya. Verona hakuiona."

Turubai ikashushwa. Gari likaondoka bila hiyo, na Tarisha akalia mpaka kamasi zikachanganyika na rangi. Verona, bado amenuna, akaketi kando yake.

"Hapa?" Tarisha akauliza, brashi mkononi.

"Hapo siyo. Hapa."

Njia ya uongo ikafunikwa kwa rangi nyekundu, mvua ikarudi kisimani kwake.

Ndipo Shangazi akafungua kinywa. "Nchi ni ya baba yako, mwanangu, lakini jicho ni la Verona, na huwezi kulisemea. Nukta hufutwa kwa rangi. Uongo hufutwa na mdomo uleule ulioutamka, mbele ya walewale waliousikia. Leo umeufuta. Pangusa kamasi, uchore."