Mdomo Uliotuma

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho ya Naliendele. Anold, mfanyakazi wa bandarini, alitoka kuwaingiza mbuzi bandani.

Wakagoma. Macho yao yote yalielekea kwenye ua wa makuti.

Kisha ikaja harufu... ya maganda ya korosho yanayoungua.

Ng'ambo ya ua ule palikuwa na nyumba ya bibi Faraja, mjane aliyeteketea humo mwezi uliopita. Anold alipofiwa na mwanawe, alishikilia kwamba bibi huyo ndiye aliyemroga. Lakini hakwenda mwenyewe. Alimbana mdogo wake, Mathayo: "Usipoichoma nyumba yake, nitawaambia watu mlishirikiana kumla mwanangu." Mathayo alilia, kisha akachukua kiberiti. Sasa alikuwa mahabusu peke yake, na Anold kimya.

Kwaru... kwaru... Kitu kilikwaruza makuti ya ua.

"Anold."

Sauti ya kikongwe.

"Mkono ulionichoma nimeuona. Nautafuta mdomo."

Anold akarudi nyuma. "Ni Mathayo," akanong'ona. "Mimi sikuwepo."

"Mathayo alinililia mlangoni kabla hajawasha. Alisema ametumwa."

Kitu cha moto kikamgusa midomo.

Alipozinduka, midomo ilikuwa malengelenge matupu. Mkewe, Esta, alikuwa amemsimamia, uso mkavu.

"Ukienda polisi, hapa usirudi," akasema.

Asubuhi Anold alikwenda polisi, akaeleza yote. Askari wa zamu alimtazama kwa kinyaa.

"Ulidhani mwenye kosa ni aliyewasha tu? Ukimshurutisha mwenzako atende kosa, nawe umetenda. Vua mkanda, ingia ndani."

Malengelenge yakakauka siku ileile. Humo mahabusu, Mathayo alimpa mgongo.

Jumapili Esta alikuja kumwona, amejitanda kanga mpaka puani. Alinuka maganda ya korosho yaliyoungua.

Anold akakumbuka matanga ya mtoto. Ni Esta aliyelitaja kwanza jina la Faraja. Ni Esta aliyemnyima unyumba, akimwita mwanamume suruali, mpaka akaenda kumtisha Mathayo.

"Funua uso," akamwambia.

Esta akatikisa kichwa. Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu mwenye kaa la moto kinywani.

"Kila magharibi anakuja. Anataka nimtaje aliyeniambia mimi kwamba yeye ni mchawi."

"Mtaje basi."

Esta akainamisha macho.

"Hakuna aliyeniambia, Anold."