Kompyuta Si Karasha

Nyumbani kwa Akida, mjini Masumbwe, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Jogoo aliamsha watu. Akida aliamsha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mama yake, Bibi Raudha, alikaa barazani na kukosoa kelele za wote wawili. Na Zuleha, mke wa Akida, alikuwa anajifunza kompyuta.

Kompyuta ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Asubuhi hiyo Zuleha aliifunua kwa heshima zote. Maulidi yalikuwa yamekaribia. Bibi Raudha alikuwa na kasida aliyoitunga marehemu mumewe, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua. Alikubali kuisema ili iandikwe, isomwe siku ya Maulidi. Lakini aliweka sharti.

"Nasema mara moja tu," alisema. "Mimi si redio."

Akasema. Zuleha akaandika kwa vidole viwili, jasho likimtoka. Mwisho Bibi alirudi barazani kuota jua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza lolote.

Zuleha alitaka kukuza maandishi kidogo. Akayachagua yote, yakageuka rangi. Hapo kiwiko chake kikagusa kibodi. Kasida nzima ikatoweka. Kwenye ukurasa mweupe ilibaki herufi moja, k, imesimama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Baba Shadya," Zuleha alimwita mumewe kwa sauti ndogo, "kasida ya mama imepotea."

Akida alikuja mbio, mkono umenyooka kuelekea swichi ya ukutani. Hakuwa na nia mbaya. Kwenye karasha, mashine ikigoma unazima kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana bado alikuwa na vidole vyake vyote. Lakini juzijuzi alizima kompyuta hivyohivyo, na tangazo la madrasa alilokuwa akiandika Zuleha halikuonekana tena.

Zuleha akaiziba swichi kwa mgongo.

"Usiguse. Safari hii tuulize kwanza."

Akamwita jirani yao, Mwalimu Paskalia, anayefundisha kompyuta shule ya sekondari. Paskalia alikuja na mikono imejaa unga wa chapati. Barazani alimwamkia Bibi shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, kisha akaulizia watoto, mvua na kuku mmoja mmoja. Zuleha aliona salamu zile hazina mwisho.

Hatimaye Paskalia aliingia, akatazama skrini. Akauliza kama kuna mtu amezima kitu.

"Bado," alijibu Akida, akiangalia dari.

"Basi haijapotea," alisema Paskalia. "Programu inakumbuka ulichofanya, hatua kwa hatua, maadamu hujaifunga. Ukizima, inasahau. Mimi nina unga mikononi, Mama Shadya, bonyeza mwenyewe. Shikilia kitufe cha Ctrl, kile cha chini pembeni. Usikiachie. Sasa gusa Z."

Zuleha akagusa. Ile k ikaondoka. Akagusa tena, na kasida ikarudi yote, kama vile haikwenda popote. Kwa furaha akagusa Z mara nyingine, na neno la mwisho likafutika. Akaduwaa.

Paskalia alicheka. Alimweleza kwamba amerudi nyuma mno, na kwamba Ctrl na Y humrudisha mbele. Zuleha akajaribu. Neno likarudi mahali pake.

"Sasa Ctrl na S," alisema Paskalia. "Hiyo ni kuhifadhi. Ipe jina. Na usisubiri mpaka mwisho. Andika ubeti, hifadhi. Andika mwingine, hifadhi. Hapo hata umeme ukikatika, kazi yako ipo."

Zuleha akaandika jina: Kasida ya Mama. Akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu kwenye salamu za kuku. Akida naye alionyeshwa jinsi ya kuizima kompyuta kwa amri iliyo kwenye skrini, baada ya kazi kuhifadhiwa. Alisikiliza kwa unyenyekevu wa mtu aliyenyang'anywa swichi.

Jioni Bibi Raudha aliingia sebuleni, akataka asomewe. Zuleha akasoma.

"Ubeti wa tatu mmeukosea," alisema Bibi.

Zuleha akaenda kusahihisha. Akafuta zaidi ya alivyotaka, na nusu ya ukurasa ikatoweka. Mkono wa Akida ukainuka wenyewe. Akaukamata, akaukalia.

Zuleha hakutoka hata jasho. Ctrl na Z. Kasida ikarudi. Akasahihisha ubeti, akahifadhi.

Bibi akauliza kama hicho ndicho kilichowakimbiza asubuhi. Akida akakiri kwamba ndicho, na kwamba waliogopa kumwomba arudie.

Bibi aliwatazama kwa huruma kubwa.

"Mngeniambia tu," alisema. "Ningerudia."

Zuleha alibonyeza Ctrl na S mara nyingine, kwa usalama.