Sauti ya Mzee Ndani ya Mashine

Ukungu wa Meru ukishuka Nkoaranga, huoni hata mgomba ulio mbele ya pua yako. Asubuhi hiyo Elirehema alifungua kituo cha maziwa cha familia. Akasimama mlangoni, akasikiliza.

Ilikuwa inalia tena.

Mmmm... mmmm... Sauti nzito, kama ya mzee anayekoroma. Ilitoka kwenye mashine ya kupoza maji, yale maji yanayopoza tangi la maziwa. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa blanketi la marehemu baba mkwe wake, mzee Elihuruma, na blanketi lilikuwa likitetemeka. Kaburi la mzee lilikuwa nje tu ya ukuta, migombani. Sauti ilianza baada ya mazishi. Jamani, nani asingeogopa?

Jirani yake, mama Joyce, alifika na dumu lake. Hakuvuka kizingiti.

"Maziwa ya jana yamechacha tena?"

"Yamechacha. Kiwanda wameyakataa."

"Watu wanasema ni mkono wako, Elirehema. Tangu mzee aende, unachogusa kinaharibika. Mimi sisemi. Wanasema watu."

Akaondoka na maziwa yake. Anauma, anapuliza, huyo! Elirehema alilia kwa uchungu. Wengine nao wakiondoka, kituo kitafungwa, naye atabaki na jina la mchawi.

Fundi angeitwa zamani. Lakini mama mkwe wake, bibi Agnela, alikataza. "Pasigongwe chuma humu mpaka msalaba wa kaburi usimikwe. Mzee hajapumzika." Na Gidion, mume wa Elirehema, mbele ya mama yake alikuwa kondoo.

Ghafla sauti ikakatika. Blanketi likatulia. Elirehema akatoa simu mfukoni.

"Liwalo na liwe," alisema. Akampigia Naipanoi, fundi wa majokofu wa Elerai, mjini Arusha.

Naipanoi alifika mchana. Bibi Agnela alikuwa amesimama mbele ya mashine, Gidion pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiiguse."

"Sawa, mama. Nina swali tu. Kabla ya msiba, nani alikuwa anaisafisha?"

Bibi Agnela alilishika blanketi. "Mzee mwenyewe. Kila mwezi alijifungia humu na brashi yake."

"Basi tangu aondoke haijasafishwa. Ndiyo maana ilikuwa inalia."

Gidion alimtazama mama yake. Kisha akalivuta blanketi.

Naipanoi alizima umeme kwanza. Akaifunga swichi kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Akafunga valvu, akamwaga maji, akafungua kifuniko cha pembeni. Matundu madogo meusi yakawatazama. Yalidondosha tope la kijani lenye harufu ya mtaro.

"Haya ni mabomba ya shaba," Naipanoi alisema. "Gesi inaleta joto la maziwa mpaka hapa. Maji mengine, yanayopita ndani ya mabomba, yanalichukua na kulitoa nje. Lakini maji yetu yana madini. Yanaacha ukoko, kama kwenye birika la chai. Ukoko na tope vikijaa, joto halitoki. Pampu inakosa maji, inaunguruma. Mwisho mashine inajizima."

Gidion akaokota nondo ili achokoe.

"We! Weka chini! Chuma kinatoboa shaba. Gesi ikichanganyika na maji, mashine umeizika."

Naipanoi akatoa brashi ya nailoni inayoenea ndani ya bomba. Akasukuma kutoka upande huu mpaka ule, bomba moja baada ya jingine, kisha akasuuza. Elirehema akapokezana naye.

"Ukoko mgumu unatolewa kwa dawa maalumu," Naipanoi alisema. "Hiyo mwachieni fundi, ana glavu na miwani. Nyinyi osheni chujio hili kila wiki. Mabomba, kila mwezi kama mzee."

Alibadilisha mpira wa kifuniko, akarudisha maji, akawasha. Mashine ikavuma taratibu, ikatulia. Maziwa ya ng'ombe wao wenyewe yakatiwa tangini. Kesho yake asubuhi yalikuwa ya baridi na matamu.

Elirehema alimkuta bibi Agnela kituoni, sikio kwenye mashine, machozi yakimtoka.

"Mama, imepona."

"Najua. Nilijua ni mashine, mwanangu. Tangu mwanzo."

Elirehema akamgeukia. "Ulijua? Na mimi wakiniita mchawi?"

"Iliunguruma kama yeye. Nilikuwa nakuja kukaa naye. Sasa amenyamaza kabisa."

Elirehema alikasirika, na wakati huohuo alimhurumia. Nje, wanawake walisimama na madumu yao, mama Joyce akiwa mbele. Waliona kituo kimya, ile sauti haipo, wakaogopa kuingia.

Bibi Agnela alijifuta uso kwa kanga, akawaendea.

"Ingieni," alisema. "Mkono wa mkwe wangu ni msafi. Aliyechachisha maziwa yenu ni mimi."