Unga Usiopungua

Hilux nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa.

Nyegere akailaza Yamaha yake mpaka goti likakaribia lami, akaifuata. Redio ikakoroma sikioni.

"Nyegere, hapa Mzizi. Unaiona?"

"Naiona, mkuu."

"Isiingie uwanja wa mizigo. Ndege yao inaruka saa nane. Na usirushe risasi, barabara imejaa watu."

"Sawa."

Alikuwa na Beretta ubavuni na kisu mguuni. Vyote vilikaa mahali pake. Roho ndiyo haikukaa. Roho ilikuwa selo namba nne, kwa mwanamke aliyekaa kwenye benchi la saruji akiwa bado na koti jeupe la maabara.

Shemeji yake. Dada wa mkewe, mkemia mkuu wa kiwanda cha dawa.

Nyegere ndiye aliyemtia pingu.

Tuyaseme yalivyo. Kiwanda kile kilikuwa na unga mweusi, kilo kumi na mbili tu, wa bei isiyotamkika. Ukiutia kwenye pipa la chuma, dawa ambayo ingekaa wiki nzima bila kuiva inaiva kwa saa nne. Wakubwa wa ujasusi walinusa kwamba kuna watu wa ng'ambo wanaumezea mate. Wakamwita Nyegere.

"Kemia unaijua?"

"Sana, mkuu."

Uongo mtupu. Vipindi vya kemia alivimalizia dirishani, akitazama wenzake wakicheza mpira.

Pale kiwandani kulikuwa na fundi wa pampu, mgeni, mtu wa kucheka sana. Siku ya pili akamvuta Nyegere pembeni.

"Kaka, pima unga asubuhi, upime tena jioni. Kitu kinachotumika hupungua. Kisipopungua, jiulize: wanapikia nini humo, na ule wa kweli unakwenda wapi?"

Nyegere akapima. Asubuhi, kilo kumi na mbili. Jioni, baada ya kuchujwa, kuoshwa na kukaushwa, kilo kumi na mbili zilezile.

Chumvi ukiitia mchuzini hairudi koponi. Hivyo ndivyo alivyowaza, akaamini mkemia anauiba ule wa kweli. Hakumuuliza mtu, maana aliyesema anajua sana atauliza nini?

Kesho yake saa nne asubuhi, uwanjani pa kiwanda, mbele ya wafanyakazi wote, akamfunga shemeji yake mikono. Mama wa watu alisema neno moja tu: "Shemeji, umepima nini?"

"Utaeleza mbele."

Ufunguo wa stoo akamkabidhi fundi wa pampu.

Siku mbili baadaye pipa lilichemshwa kutwa kucha na unga uliobaki stoo, dawa haikuiva. Fundi hakuonekana. Asubuhi ya leo Nyegere alikwenda selo, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dawa imegoma," alisema.

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Fundi wa pampu."

Mkemia akafumba macho, akayafumbua.

"Shemeji, ulipomtaka mdogo wangu, nani alikwenda kukusemea kwa baba?"

"Wewe."

"Baba hakutaka hata kusikia jina lako. Mngeng'ang'ana miaka. Nikaingia katikati, wiki mbili mkaoana. Mimi nilipungua kilo ngapi?"

Nyegere akatazama viatu vyake.

"Jibu! Au na mimi ulinioa?"

"Hapana, shemeji."

"Basi kichocheo, kama unga ule, ndivyo kilivyo. Kinawakutanisha wawili, kinawafupishia njia, wakishakuwa kitu kimoja chenyewe kinatoka salama salimini. Kingepungua ndipo ungenikamata! Mtoto wa sekondari anajua."

Masikio ya Nyegere yalipata moto. Aliwahi kupigwa risasi ya bega. Ile haikuuma hivi.

"Nenda kautafute," mkemia akasema. "Na huyo fundi wako atakuja na karatasi safi za mzigo, wezi wa aina hiyo hawakosi. Beba dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu, lakini chukua kali ya maabara, isiyotiwa maji. Ikiachwa peke yake huvunjika taratibu, miezi na miezi. Tone moja juu ya unga wangu, hutangoja."

Hilux ilifunga breki kwenye geti la uwanja wa mizigo. Nyegere akaiegesha Yamaha mbele yake, puani.

Fundi wa pampu akashuka akicheka. Afisa wa ushuru wa getini akafungua makopo manne juu ya meza ya ukaguzi, akasoma karatasi, akakuna kidevu.

"Bwana, hapa pameandikwa unga wa kung'arishia mawe. Mihuri ipo. Siwezi kumzuia mtu kwa sababu wewe una pikipiki."

"Huyu kaka ana ugonjwa wa kukamata watu," fundi akasema. "Muulize shemeji yake."

Neno lilimpata. Lilimpata barabara.

Nyegere akachomoa kisu mguuni. Akachota unga kwa ncha yake, akauweka kwenye kifuniko cha kopo. Akatoa chupa mfukoni.

Tone moja. Kisha akamimina kidogo.

Povu likalipuka kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Likapanda, likafoka, likamwagika juu ya meza. Kifuniko kikapata moto mpaka afisa aliyekigusa akarusha mkono.

"Mama yangu! Mawe gani haya?"

Fundi aliacha kucheka. Mkono wake ukaingia kwenye koti.

Haukumaliza safari. Kiwiko cha Nyegere kilifika kwanza, kisha goti. Bastola ikaanguka. Pingu zikalia.

"Mzizi, hapa Nyegere. Mzigo ninao. Na mwenyewe ninaye."

"Safi sana! Sikiliza, kwenye ripoti andika kwamba kumkamata mkemia ulikuwa mtego wetu, ili mwizi ajitokeze. Utapandishwa cheo."

Mlango wa kukwepa aibu ulikuwa wazi. Kupita tu.

"Haukuwa mtego, mkuu. Nilikosea."

"Una wazimu?"

Nyegere akazima redio.

Selo ilipofunguliwa, mkemia hakuinuka.

"Ulinifunga mchana kweupe, mbele ya watu wangu. Hutanitoa kwa mlango wa nyuma."

Kwa hiyo wakasimama uwanjani palepale pa kiwanda, jua la utosi, wafanyakazi mia moja na ushee wakiwatazama.

"Mkemia wenu hakuiba," Nyegere alisema. "Nilipima kitu nisichokielewa. Nikaona haya kuuliza."

"Paza sauti, baba!" mpakiaji mmoja akadakia. "Huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia. Sauti ilikatika katikati, akaanza upya.

Mkemia alichukua makopo yake, akaingia maabara. Hakusema ahsante, hakusema yameisha. Wafanyakazi wakamfuata, hakuna aliyempa Nyegere mkono.

Akavaa miwani nyeusi, akaelekea getini. Polepole, hatua kwa hatua, mikono mifukoni.

"Mwone," mlinzi akamnong'oneza mwenzake. "Majasusi bwana! Hata jasho hana. Kama hakikutokea kitu."

Nyegere alisikia. Hakugeuka. Hakuwa na uso wa kugeuza.