Mpagazi wa Nane

Mwanamke aliingia zahanati ya Kituntu bila kupiga hodi. Akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Shikamoo, bwana dresa. Nasikia unawatafuta wenye homa inayorudi."

Sostenes Rwezaura aliacha bandeji. Mkono wake ulisogea kwenye droo. Ndani mlikuwa na bastola, Webley, yenye risasi sita.

Udresa, kazi ya kufunga vidonda, ulikuwa koti tu la kujifichia. Rwezaura alikuwa jasusi wa serikali. Mwaka ule wa 1941 alimtafuta mtu mmoja, Egbert, aliyekuwa akivusha madini ya bati kutoka machimbo ya Kyerwa hadi ng'ambo ya mto, kwa mawakala wa adui.

Hakuna aliyeijua sura ya Egbert.

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

"Mume wangu, Byabato. Mimi Kokuberwa. Nimetoka Songambele jana, kwa miguu."

Rwezaura alikuwa amepata wagonjwa kumi na mmoja. Vijiji mbalimbali, visima mbalimbali. Hata rubisi, pombe ya ndizi, hawakunywa pamoja. Lakini wote walikuwa wanaume wenye shingo ngumu na magoti mabovu, kama wapagazi. Na homa ile huletwa na papasi, kupe wanaojificha kwenye vumbi la sakafu.

Basi wote walilala banda moja, ghala la Egbert. Wapi?

"Analala wapi mumeo?"

"Nikisema, wataniua."

"Usiposema, atakufa."

Kokuberwa alifuta uso kwa kanga.

"Banda la kahawa, nyuma ya kilima chetu. Alipougua wakamfunga mnyororo nguzoni, asije akatoka akasema. Niahidi utamtoa wewe mwenyewe. Askari wataogopa ugonjwa, watamwacha humo."

"Nitamtoa mimi."

"Waitu, bwana wangu, usiniahidi kama dresa anayembembeleza mgonjwa."

"Siahidi hivyo."

Alipoondoka, Rwezaura alitoa simu ya upepo chini ya kitanda.

"Banda nimelipata. Askari wawe Songambele kesho saa nne asubuhi."

"Sawa. Daktari ameamuru likipatikana lichomwe," mkuu wake alijibu. "Moto uwaue papasi. Usiingie."

"Kuna mtu ndani."

"Sindano za homa hiyo zimekwisha jimbo zima. Ukiumwa na papasi hatuna cha kukuchoma. Umesikia?"

Alisikia. Akazima simu, akatia mfukoni tupa ya kukatia chuma.

Kesho yake alilala kifudifudi kwenye migomba ya Songambele, akilitazama banda, askari sita nyuma yake.

Mlango wa banda ulifunguliwa.

Wapagazi wanane walitoka, magunia madogo ya kahawa kichwani. Magunia sawa. Nguo chafu sawa. Hapakuwa na msimamizi; basi mmoja wao alikuwa Egbert, amejificha kama mpagazi.

Kama angemsimamisha asiye yeye, Egbert angefyatua risasi kwanza.

Tazama miguu, alijiambia.

Wa kwanza: hatua fupi, magoti yamekunjwa, shingo imekaza. Chini ya kahawa mlikuwa na bati, zito kama jiwe. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wa saba.

Wa nane alitembea kama aendaye kanisani. Kiuno kilicheza. Kisigino kiliinuka. Shingo iligeuka kushoto, ikageuka kulia, gunia likiwa juu yake.

Bosi alikuwa amebeba kahawa tupu.

"Wa nane! Tua mzigo!"

Mkono wa mtu yule ulizama ndani ya shati.

Webley ilifyatuka mara moja. Egbert alianguka ameshika bega, na askari wakamlalia.

"Umenijuaje?" alifoka.

"Hujawahi kubeba mzigo."

Sajini Ndyamukama alikuja na kijinga cha moto. "Tulichome, bwana?"

"Bado."

"Bwana, humo haingii mtu! Mimi nina watoto."

"Sikukutuma wewe."

Rwezaura alitoa tupa mfukoni. Miguu haikutaka kwenda. Akaipeleka.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya jasho. Byabato alikuwa sakafuni, macho ya njano, midomo imepasuka.

"Usikae chini," alinong'ona. "Wapo."

Hakukuwa na namna nyingine ya kuukata mnyororo. Rwezaura alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kukereza. Dakika ishirini. Alihisi kitu kikitambaa kwenye goti. Hakusimama.

Mnyororo ulikatika.

Alimbeba hadi nje, akamlaza mbele ya mkewe, aliyekuwa akisubiri migombani. Kokuberwa alimshika mumewe uso kwa mikono miwili, akatamka jina lake tu.

"Mpe maji mengi," Rwezaura alisema. "Wengi hupona."

Kisha akamgeukia sajini. "Choma."

Miali ilipanda. Sajini aliikodolea macho suruali ya Rwezaura, matone mawili ya damu magotini.

"Bwana... umeumwa?"

"Baada ya siku saba nitajua."

Akakung'uta vumbi magotini, akashika njia ya Kituntu bila kugeuka.