Vijiti Kumi na Moja Kwenye Chupa ya Sambal

Nisikilizeni vizuri, maana hii siisemi kwa kunong'ona, na wa kukasirika akasirike.

Kwetu Semarang, Indonesia, Jumapili asubuhi huwa raha. Mama anakaanga rempeyek uani, vile vikaki vyembamba vya karanga, dada yangu Endah, mtafiti wa dawa za kuzibia meno, anasoma makaratasi yake, mimi nakula zilizovunjika. Siku hiyo mama akatafuna moja, mara akashika shavu.

"Upande wa kulia tena?" dada akauliza.

"Gego limetoboka, mwanangu. Na ndilo pekee lililobaki la kutafunia upande huo."

"Vumilia mama. Alhamisi kamati ya kukagua dawa ikiipitisha yangu, wa kwanza kuzibwa ni wewe."

"Na majirani nimeshawaandikisha! Kumi na wanne. Nimewaambia dawa ya binti yangu haina ile sumu."

Sumu anayoisema mama ni bisfenoli. Dawa nyingi za kuzibia meno zinatengenezwa kwayo, na watu wanahofia inavuruga homoni. Dada alitaka dawa isiyo nayo kabisa, na miaka minne amehangaika nayo. Lengo zuri, sibishi. Ila nyumba yetu iliumwa na hilohilo lengo zuri.

Mimi shule niliacha mapema, lakini mikono ninayo, ndiyo maana dada alinipa kazi maabara yake. Nashindilia dawa kwenye kalibu, naimulika kwa taa ya bluu mpaka inakuwa ngumu, napiga msasa, kinatoka kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Kinalala kwenye maji ya vuguvugu siku nzima, halafu mashine inakikandamiza katikati mpaka kivunjike, inatoa namba ya nguvu yake. Wastani ukiwa chini ya themanini, dawa haifai.

Sasa kuna sheria. Kijiti chenye kitundu cha hewa ndani kinatupwa, maana hapo kosa ni la mkono wangu, siyo la dawa. Sawa. Lakini dada alikuwa anakagua saa ngapi? Kijiti kikivunjika kwa mia na kumi, anaandika huku anatabasamu. Kikivunjika kwa arobaini, anakimbilia lenzi.

"Seno, hiki kina kitundu. Tupa."

Vijiti arobaini, kumi na moja akanitupisha. Vilivyobaki vikampa wastani wa tisini na moja, akapiga kelele za furaha mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sikuvitupa. Niliviweka kwenye chupa tupu ya sambal, ile pilipili ya kusaga ya mama. Jumatano dada alipoingia kikaoni, nikachukua lenzi nikaviangalia vile vyenye nguvu, vile alivyoviandika. Tisa vina vitundu. Vitundu vilevile!

Jioni tumekaa kula, nikaiweka chupa mezani, katikati ya wali na tempe ya soya.

"Nini tena hiyo?" mama akauliza.

"Vijiti alivyovikataa dada. Dada, vile vyenye nguvu navyo vina vitundu. Mbona hivyo hukuvitupa?"

Dada akaacha kula. "Sekondari yenyewe hukumaliza, leo unanifundisha kupima?"

"Sikumaliza, ila macho ninayo."

"Unajua watu wangapi wanaisubiri hii dawa? Unataka wazibwe bisfenoli maisha yao yote?"

"Nataka wasizibwe uongo."

"Kesho usikanyage maabara yangu!"

"Sikanyagi. Naenda moja kwa moja kwa kamati, hivihivi na kandambili zangu, na chupa mkononi."

"Thubutu!"

"Tutaonana."

Mama hakupiga kelele. Akachukua rempeyek moja, ile nene yenye karanga nyingi, akaiweka mbele ya dada.

"Endah, mwanangu. Tuseme umeshaniziba kwa dawa yako. Nimeshika hii, nataka kuitafunia kulia. Niitafune?"

Dada akaiangalia. Halafu mkono wake ukaenda taratibu, ukaisogeza ile rempeyek mbali na mama.

Jamani, jibu tulilipata hapo.

Alhamisi aliibeba chupa mwenyewe. Akawaambia kamati kila kitu, wakampa wiki tatu arudie. Nikatengeneza vijiti arobaini vipya, safari hii lenzi kwanza, mashine baadaye. Wastani sabini na saba. Haifai.

Safari ya dada ya Bangkok kwenda kuitangaza dawa ikafutwa. Mama akapita nyumba kumi na nne kufuta majina, wengine wakamcheka mlangoni. Gego lake likazibwa kwa dawa ya zamani, ileile aliyokuwa anaisema sumu. Dada mwezi mzima ananipitishia sahani kama anaupa ukuta.

Mpaka asubuhi moja akaniwekea kikopo mbele yangu.

"Mchanganyiko mpya. Kagua kabla, we mbishi."

"Na wastani ukija wa arobaini?"

"Tunaandika arobaini."

FUNZO

Wewe mwenye lengo zuri, ndiwe ninayekuogopa. Mwizi anajijua kuwa ni mwizi, lakini wewe utaifuta namba mbaya na usingizi utapata. Kosa litafute kabla hujaona jibu, siyo baada ya jibu kukuuma. Na wewe uliyeambiwa nyamaza kwa sababu hukusoma, usinyamaze. Weka chupa mezani, wali upoe. Mama yangu leo anatafuna pande zote mbili.