Wa Nne Yuko Nyuma Anakuja

Mnisamehe mapema, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watu na kuwachekesha mpaka washike mbavu, na mtu wa namna hiyo ukimpa hadithi ya jini umempa mlevi abebe mayai. Ulimi wangu hutangulia, akili inafuata baadaye ikihema. Aliyestahili kuisimulia ni baba Kitufe mwenyewe, lakini siku hizi ukimtajia habari za hoteli anainuka kimya kimya na kwenda kukagua mlango. Basi mmebaki na mimi.

Baba Kitufe ni fundi makochi. Mtaani tunamwita Mzee wa Ofa. Si bahili, msimwonee, bahili hatumii. Yeye anatumia, ila kila alicholipia lazima akitoe mpaka tone la mwisho, hata dawa ya meno anaipasua kwa mkasi. Mkewe ni mshonaji, na walijaliwa binti mmoja aliyekulia chini ya cherehani akichezea vifungo vya mashati. Baba alitaka wamwite Kifungo. Mama akakataa, akasema mtoto wake si jela. Wakakubaliana Kitufe.

Sasa, ile hoteli ya ufukweni, ile ambayo watu kama sisi tunaijua kwa ukuta wake tu, ikatoa ofa: chumba cha familia, watu wanne kwa bei ya wawili, kula na kunywa kumo. Sharti lilikuwa moja. Muwe wanne kweli. Mkipungua, ofa hakuna, bei ni ile ya matajiri. Mzee wa Ofa akahesabu: yeye, mkewe, Kitufe, na mama mkwe. Alilipa siku hiyo hiyo kabla ofa haijabadili mawazo.

Mama mkwe alikuwa mganga wa majini, mstaafu. Aliacha kazi kwa sababu ya magoti, maana alivyosema mwenyewe, majini hayatolewi mtu akiwa amekaa sofani. Asubuhi ya safari magoti yakavimba, akatangaza kwamba haendi. Baba Kitufe alipoanza kulalamika kuhusu nafasi iliyokwisha kulipiwa, bibi alimkazia macho.

"Baba, kama siji, kawaambie siji. Usiniwekee kiti mahali ambapo sipo. Kiti kikiitiwa mtu, mtu hupatikana."

"Sawa, mama," akasema baba Kitufe, kwa ile sauti ya mkwe anayekubali jambo ambalo hatalifanya.

Pale mapokezi sakafu iling'aa hadi Kitufe akayaona meno yake. Dada wa mapokezi aliwapa vitaulo baridi vyenye manukato, akauliza wako wangapi. Baba Kitufe akajibu wanne. Dada akawatazama, watatu hao, na mabegi yao.

"Wa nne yuko nyuma anakuja," akasema baba Kitufe.

Mkewe alimfinya mgongoni. Lakini kilichowashangaza ni yule dada: tabasamu lake liliondoka usoni kama limeitwa na bosi. Akauliza tena, taratibu sana, kama ana uhakika kwamba anakuja. Baba Kitufe akasema ana uhakika. Na hapo mlango mkubwa wa kioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akiukaribia, ukafunguka. Ukakaa wazi kiasi cha mtu kupita. Ukajifunga.

"Upepo," akasema baba Kitufe.

Dada akafungua droo. Aliwafunga bangili za plastiki mikononi, zile za kuonyesha kwamba wewe ni mgeni wa kulipiwa kila kitu, na ile ya nne hakumpa mtu. Aliiweka juu ya meza na kuisukuma kwa ncha ya kalamu.

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa na viwili vidogo. Baba Kitufe akaitundika bangili ya nne kwenye taa ya kitanda kilichobaki wazi, kisha akaanza kazi ya kuitoa hela yake. Aliogelea mabwawa yote. Alivaa ndala za hoteli hadi kitandani. Mezani mhudumu alipouliza kuhusu kiti cha nne, alijibu yuko nyuma anakuja, wekeni tu sahani. Akaijaza mwenyewe, akaila mwenyewe. Ufukweni akachukua viti vinne vya kulalia. Akaulizwa, akajibu yale yale. Kwenye juisi, yale yale. Kila alipoulizwa alijibu kwa furaha kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba ya watu, na wala hakufikiria kwamba kengele ikibonyezwa sana, mwenye nyumba hutoka.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, aliinuka kwenda kuongeza nyama. Aliporudi, sahani ya nne ilikuwa nyeupe, imelambwa. Akamtazama mkewe kwa heshima mpya. Mkewe naye alikuwa anamtazama yeye. Kitufe hakuwa amegusa chake.

"Kula, mama," akaambiwa.

"Nimeshiba. Amenilia."

"Nani?"

Mtoto alielekeza kidole kwenye kiti kitupu, bila hofu, kama anamwonyesha mtu jirani yake wa darasani. "Huyu aliyekuwa nyuma."

Waliondoka mezani bila kugusa vitamutamu, jambo ambalo baba Kitufe hajawahi kulifanya tangu azaliwe, na wakaenda kujipumzisha chumbani. Nje jua lilikuwa jeupe la kuumiza macho. Ndani mapazia yalifungwa na chumba kikawa na rangi ya chai. Baba Kitufe alikuwa anaelekea kusinzia alipoisikia harufu, ya nguo zilizoloa zikasahaulika ndani ya beseni, na ndani ya harufu hiyo nyingine ya chuma, kama sarafu iliyoshikwa sana mkononi. Kisha akasikia mrija ukinyonya chini ya glasi ambayo haina kitu tena, srrr, ukatulia, srrr. Halafu kitanda cha yule wa nne kikalia.

Mjue kwamba huyu mtu ni fundi makochi. Spring kwake ni kama noti kwa karani wa benki. Spring ikilia anajua ni mtoto amekaa, ni mwanamke mjamzito, ni bwana mnene anayejifanya mwembamba. Alilala amefumba macho akasikiliza spring za kitanda cha wa nne zikipokea uzito, na alitegemea zipokee mara moja na kutulia kama zinavyofanya chini ya mtu yeyote wa kawaida anayejilaza, lakini hizi hazikutulia, ziliendelea kushuka polepole, moja baada ya nyingine, kana kwamba kilichokaa pale kilikuwa kinazidi kujaa, kama ndoo chini ya bomba, na ndipo akakumbuka kusikiliza kitanda cha pili, cha Kitufe, ambaye muda wote huo alikuwa anarukaruka juu yake akihesabu kwa kunong'ona, na akajikuta anasikia kunong'ona tu, moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne, na chini ya miguu ya binti yake hakuna spring hata moja iliyolia.

Alifumbua macho. Mtoto alikuwa anaruka. Godoro halikubonyea.

Akamwamsha mkewe kwa kumgusa tu, na mkewe, ambaye hakuwa amelala, akamwambia kwa sauti ndogo atazame mkono. Taa ilikuwa tupu. Bangili ya nne ilikuwa kwenye mkono wa pili wa Kitufe, imebana mpaka vidole vimekuwa vya buluu.

"Nani kakuvisha?" mama akauliza.

"Amesema nimshikie. Amesema yake ataichukua ikimtosha."

Hawakufunga mabegi. Baba alimbeba mtoto, na baadaye aliniambia kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba alimbeba kwa mkono mmoja na hakuona tofauti na mkono mtupu. Wakapita mapokezi karibu kwa kukimbia. Mama alitangulia, mlango wa kioo ukafunguka, akatoka. Baba akamshusha Kitufe ili amvute apite. Mlango ukajifunga mbele ya pua ya mtoto. Alisimama pale, akapunga mkono, akaruka, na mlango ule unaomfungukia hata paka haukumwona. Kisha ukafunguka wenyewe, wazi wote, na kwenye sakafu inayong'aa, pembeni ya mtoto, zikatokea nyayo mbili za maji, kubwa, zikisubiri.

Dada wa mapokezi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alisema kwa kunong'ona kwamba wakitoka sasa watatoka watatu kama walivyoingia, lakini wa tatu atakuwa yule mgeni, na atakayebaki ni mtoto.

Mama Kitufe alimpigia simu mama yake. Hakumaliza kueleza. Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu, kisha fimbo ikitafutwa.

Alifika kwa teksi jua likiwa linazama, magoti amefunga kanga. Baba Kitufe akamwamkia shikamoo kwa kuinama mpaka chini.

"Marahaba. Sina haja na heshima yako leo. Chakula kimeshawekwa?"

Walidhani hajaelewa. Akawafokea kwamba alikuja kula, kwani si alilipiwa? Wakaingia ukumbini, meza ile ile. Kiti cha nne kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyokivuta akikaa, na kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa. Kitufe alikaa pembeni yake kichwa kimelala upande, midomo mikavu. Mama mkwe akakizunguka kiti kile, akashika meza, na kwa uchungu ulioonekana mpaka kwa wahudumu akapiga magoti.

"Hiki kiti changu," akasema.

Kitufe alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, lakini chini yake ilikuwepo nyingine, nzito, kama mtu anayeongea akiwa ameweka mdomo ndani ya mtungi.

"Niliitwa."

"Uliitiwa nafasi yangu. Mwenyewe nimefika."

"Basi mimi wa tano."

Bibi hakutetereka. Akamwita mhudumu, ambaye alisogea na trei, na kumwuliza chumba cha familia ni cha watu wangapi.  Mhudumu akasema wanne, bibi, wa tano haruhusiwi, ni sheria ya hoteli.

"Umesikia," bibi akakiambia kiti.

 Kisha bangili ikaanza kubana. Kila mtu pale mezani aliiona ikizama kwenye ngozi ya mtoto, na Kitufe, kwa sauti yake peke yake sasa, akasema baba inauma. Mama Kitufe alitoa mkasi wake wa kushonea kwenye pochi, lakini mama yake akamzuia, akasema hapana, akate aliyeiomba, na akate akiwa anasema kweli.

Mkono uliozoea kukata ngozi ngumu za makochi ukapokea mkasi. Baba Kitufe akapenyeza ncha ya mkasi chini ya plastiki.

"Nilidanganya," akasema. "Tulikuja watatu. Nyuma hakukuwa na mtu. Hakuna anayekuja."

Bangili ikakatika. Maji yakamwagika kutoka kwenye kiti, mengi, ya baridi, yenye ile harufu ya sarafu, na nyayo zikaondoka mezani bila haraka, zikapita kati ya wageni waliokuwa wanapiga picha za chakula chao, zikapita mlango wa kioo. Mlinzi wa getini anasema aliinua kizuizi jioni ile na hajui alimwinulia nani. Kitufe alivuta pumzi, akalia, na kiti chake kikalia pamoja naye. Baba yake aliposikia mlio ule wa spring alikaa sakafuni na kulia kuwashinda wote.

Bibi hakuinuka tena vizuri tangu siku hiyo. Hadi leo anatembea na magongo mawili. Njiani kurudi aliwaambia jambo moja, na alilirudia mpaka wakalikariri. Yule ametoka, hajaenda mbali. Ameonja uzito wa mtoto, na hataingia ila kwa mlango aliofunguliwa mwanzo, yaani maneno yale yale. Wachunge ndimi. Na wachunge za wageni.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kuwatembelea. Mimi nilikuwa sijui lolote, naapa. Nilichosikia ni kwamba rafiki yangu amekula hoteli ya kitajiri kwa nusu bei, nikaona nipite nimtanie. Nikagonga. Shemeji alifungua mlango kidogo, uso umesawijika, Kitufe amemshika sketi, kovu jekundu limemzunguka mkono. Hakunikaribisha kama siku zote. Alichungulia kwanza kule nilikotoka, akaniuliza kama nimekuja peke yangu.

Na mimi mnanijua. Mlangoni kwa watu nina utani wangu, nimeutumia miaka, wa kunipatia minofu zaidi.

"Pakua sahani mbili, shemeji," nikasema. "Mwenzangu yuko nyuma anakuja."

Ndani kijiko kilianguka. Nikaona rafiki yangu anainuka kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, mdomo wazi, na Kitufe ananitazama, si usoni, begani.

Watu huniambia nimlaumu baba Kitufe. Nimlaumu vipi? Yeye alidanganya apate kushiba. Mimi nilitaka tu pale mlangoni mtu mmoja acheke, na kweli mmoja alicheka. Alikuwa nyuma yangu.